Luka Aliwahesabu Wote



Kutoka hapa Mwadui hadi baharini ni safari ya siku nzima kwa basi, lakini kabati langu limejaa riwaya za vita vya merikebu za matanga. Mwanakwaya mmoja ameniuliza kama inafaa padri kujifurahisha kwa vita. Swali zuri. (Wapo wanaodhani tunasoma Breviari tu.)

Mimi nasema, soma. C. S. Forester, aliyemtunga nahodha Hornblower wa vita dhidi ya Napoleon, aliandika pia The African Queen mwaka 1935, na hiyo inatuhusu: chimbuko lake ni vita vya Ziwa Tanganyika. Waingereza walileta boti mbili, Mimi na Toutou (ndiyo, Mimi ni jina la boti), kwa reli kutoka Cape Town, kisha zikaburutwa porini na milimani kwa matrekta ya mvuke, ng'ombe na mikono ya Waafrika. Tarehe 26 Desemba 1915, Jumapili, kesho yake Noeli, zikaiteka Kingani ya Wajerumani. Kamanda wake akauawa. Meli yao kubwa, Graf von Götzen, waliizamisha wenyewe mwaka 1916. Baadaye ikaibuliwa, na ndiyo Liemba yetu ya Kigoma.

Sasa angalia. Vitabu vinatupa majina ya makamanda na ukubwa wa mizinga. Waliovuta kamba porini je? "Wapagazi", basi. Shida yangu na riwaya hizi iko hapo kuliko kwenye damu: zinatuzoesha kumpenda nahodha na kumpita mvuta kamba bila kumwona.

Fungua Matendo ya Mitume, sura ya 27. Luka anajua bahari: nanga, tanga, kupima kina usiku. Na katikati ya tufani anataja idadi ya waliomo chomboni: watu 276, wafungwa wakiwemo. Askari wanataka kuwaua wafungwa wasitoroke. Akida Yulio anawazuia. Wote wanafika nchi kavu.

Sisi wa Mwadui tunajua kwamba almasi ya waridi ya mwaka 1947 ilikuwa na karati 54.5, na kwamba ilikwenda kwa Binti Mfalme Elizabeth. Leo baada ya Misa, waulizeni wazee wenu ni akina nani walifanya kazi mgodini mwaka ule. Leteni majina yao parokiani, tuyaingize katika orodha ya marehemu wa Novemba.