Kichupa Kilichofungwa Katika Ncha ya Leso



Mama mmoja wa mtaani kwetu alitujia baada ya darsa ya alasiri, naye amefunga kichupa katika ncha ya leso kana kwamba amebeba kitu cha aibu. Binti yake, ambaye harusi yake i karibu, alikuwa akijipaka mafuta hayo usoni kila usiku kwa wiki tatu. Jirani akamwambia, "Bibi wee, hiyo ni sifa, ile inayopakwa majahazi! Mwanao anajipaka najisi."

Tulikisoma kichupa. Neno lililomtia hofu ni squalane, na jirani hakusema uongo mtupu. Mwaka 1906 mtaalamu wa Kijapani, Mitsumaru Tsujimoto, alipata ndani ya mafuta ya ini la papa kitu ambacho baadaye kiliitwa squalene. Baina ya majina hayo mawili ipo tofauti ya herufi moja tu, lakini herufi hiyo ina kazi. Squalene huharibika upesi ikikutana na hewa. Viwandani huongezewa hidrojeni, ikawa squalane: mafuta mepesi, hayana rangi wala harufu, na hudumu. Siku hizi mengi hutolewa katika zeituni na miwa. Na hiyo squalene, ngozi ya mwanadamu huitoa yenyewe. Ni yapata sehemu moja katika kumi ya mafuta yatokayo usoni mwetu.

Jopo la wataalamu wa Marekani wanaochunguza viambato vya vipodozi liliyapima yote mawili, na mwaka 1982 likayaona salama kupakwa ngozini. Ama hilo la najisi, hata yangekuwa yametoka kwa papa, mchuzi wa papa tunaula majumbani mwetu bila kuuliza. Mafuta yake hayageuki kuwa najisi kwa kutiwa chupani. Bora binti ajaribu matone machache ndani ya mkono kwanza, angoje siku moja au mbili, kwani ngozi hazifanani.

Mama akapumua. Kisha akauliza kama yafaa amdondoshee mjukuu puani, maana ana mafua. Hapo tulimkatalia kwa nguvu. Mafuta mepesi hushuka hadi mapafuni bila mtoto kukohoa, na huko huleta nimonia. Watoto wachanga wameugua hivyo kwa mafuta ya ini la papa. La ngozi libaki ngozini, na mafua ya mtoto yapelekwe zahanati.

Alipokuwa akiinuka tuliona fundo la pili katika leso. Ndani yake mlikuwa na kikopo cha krimu ya kung'arisha uso, hakina jina la kiwanda wala orodha ya viambato. Binti alikuwa akiipaka juu ya yale mafuta, na jirani hakuwa na neno juu yake, kwa kuwa inanukia waridi. Hatukuweza kusema mna nini ndani. Lakini krimu za namna hiyo zimekutwa mara nyingi na zebaki, nayo huharibu figo, na kwa mama mjamzito humfikia mtoto tumboni. Binti anaolewa, mimba si jambo la mbali.

Mama aliondoka na kichupa chake. Kikopo alituachia.