Pima Rangi Kabla ya Kuwasha Mashine

Tangu Serikali ihamishie shughuli zake Dodoma na mji huu kupandishwa hadhi kuwa jiji mwezi Aprili 2018, kata kama Miyuji zimejaa nyumba mpya, na magari nayo yameongezeka. Pamoja na magari imekua kazi ya kuyaosha na kuyang'arisha. Fundi mwenye mashine ya kupiga polishi huweza kulirudishia mng'ao gari lililofifia kwa saa chache, na mwenye gari akaondoka ameridhika. Ni kazi ya heshima, ina ufundi wake na inawapa vijana riziki. Hata hivyo, wateja wengi wanailipia wakiamini kwamba mashine inaongeza kitu kwenye rangi, ilhali kila inapopita inapunguza. Kwa gari linaloishi kwenye vumbi la nyanda za kati, kutolijua jambo hilo kunagharimu rangi yenyewe. Ndiyo maana nashikilia kwamba mashine ya polishi itumike kwa nadra, tena baada ya vipimo, na kwamba fedha nyingi ya mwenye gari iende kwenye uoshaji mzuri na kinga.

Tuanze na rangi ilivyo. Juu ya bati la gari la kisasa kuna utando wa kuzuia kutu, kisha rangi yenyewe, kisha utando wa juu usio na rangi ambao mafundi huuita klia. Klia ndiyo inayotoa mng'ao, na ndiyo inayobeba kemikali za kukinga mionzi ya jua isiunguze rangi iliyo chini. Kwa magari mengi yanayotoka kiwandani, matabaka yote kwa pamoja yana unene wa mikroni 100 hadi 150, na klia peke yake ni mikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu una wastani wa mikroni 70. Gari linapofifia, mara nyingi klia imejaa mikwaruzo midogo inayotawanya mwanga. Mashine, kwa msaada wa kompaundi yenye chembe za kukwangua, huisawazisha klia mpaka ilingane na vina vya mikwaruzo hiyo, na hapo ndipo mng'ao unaporudi. Polishi nyepesi yaweza kuondoa mikroni moja hivi. Ile nzito, ya pedi ya manyoya na kompaundi kali, yaweza kuondoa mikroni kadhaa kwa mkupuo mmoja. Kilichoondolewa hakirudi.

Sasa tuiweke klia hiyo katika mazingira yetu. Dodoma hupata mvua ya milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili. Miezi inayobaki ni ya ukavu na upepo, na mitaa mingi ya ndani bado ni ya udongo. Ardhi ya hapa imetokana na miamba ya matale, ile ile tunayoiona kwenye vilima vinavyozunguka jiji, na matale yakimomonyoka huacha chembe nyingi za kwatsi. Katika kipimo cha Mohs, kinachopanga madini kwa ugumu kutoka 1 hadi 10, kwatsi iko kwenye 7, juu ya kioo cha kawaida, seuze klia ambayo ni aina ya plastiki. Anayefuta gari lenye vumbi kwa kitambaa kikavu kila asubuhi anazisugua chembe hizo juu ya klia kwa mkono wake mwenyewe. Mikwaruzo inarudi, gari linarudi kwa fundi, mashine inawashwa tena. Tuseme kila polishi inaondoa mikroni 3 na gari linapigwa mara 3 kwa mwaka. Ndani ya miaka 4 zimekwenda mikroni 36, na kabla ya kufika huko klia imekwisha kuwa nyembamba kiasi cha kushindwa na jua. Itapauka, itaanza kubanduka kwenye paa na boneti, na klia iliyobanduka haitibiki kwa polishi yoyote. Dawa yake ni kupaka rangi upya.

Mkoa huu una somo la aina hiyo katika historia yake. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza kupambana na mmomonyoko, na mwaka 1979 mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoharibika zaidi ya Kondoa, kwa sababu ilikuwa kazi bure kuponya ardhi huku kinachoiharibu kikiendelea. Klia nayo hupotea kutoka juu, kidogo kidogo, na huokolewa kwa kuondoa kwanza kinachoikwaruza.

Wapo watakaopinga kwa kusema kwamba madereva wa zamani walipiga polishi mara kwa mara na magari yao yalidumu. Ni kweli, ila rangi zile zilikuwa za aina nyingine. Mpaka mfumo wa rangi na klia ulipoenea duniani katika miaka ya 1980, magari mengi yalipakwa rangi ya tabaka moja, ambayo mng'ao na rangi vilikuwa kitu kimoja. Ukiisugua, ilitoka juu iliyooksidika ikaonekana mbichi ya chini, na kitambaa kikabaki na rangi ya gari. Kulikuwa na unene wa kutosha wa kuvumilia mkono wa mwanadamu, na mkono hauna nguvu ya mashine. Desturi ile ilifaa kwa rangi ile. Kuihamishia kwenye klia ya mikroni 45, tena kwa mashine, ni kutumia kanuni ya jana kwa kitu cha leo.

Mashine zenyewe hazilingani. Ile inayozunguka kwenye mhimili mmoja hukata haraka na hukusanya joto mahali pamoja. Fundi akizubaa kwenye kingo za milango au mikunjo ya boneti, ambako rangi ni nyembamba, hufika kwenye rangi ya chini kwa sekunde chache. Kwenye bampa la plastiki hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa plastiki haisambazi joto kama bati. Mashine hiyo isipoongozwa vizuri huacha pia alama za mizunguko zinazojitokeza gari likiwa juani. Aina ya pili huzunguka huku ikiyumba, joto lake ni dogo, na nyingi kati ya hizo hupunguza mzunguko au kusimama zikigandamizwa kupita kiasi. Kwa anayejifunza, hiyo ndiyo ya kuanzia. Lakini kabla ya mashine yoyote kinahitajika kifaa cha mkononi cha kupimia unene wa rangi. Hakipimi klia peke yake, hupima matabaka yote kwa pamoja, na cha kawaida hakifanyi kazi juu ya plastiki. Hata hivyo kinaonyesha wapi pamekwisha kukonda na wapi palipigwa puti na rangi mpya. Hilo lina uzito nchini kwetu, ambako magari mengi yametumika Japani kwa miaka kabla ya kushushwa bandarini Dar es Salaam, na mnunuzi hajui yalikwisha kupigwa polishi mara ngapi.

Pingamizi la pili ni kwamba vumbi halikwepeki, hivyo kinga ni kupoteza fedha. Kwangu vumbi lisilokwepeka ndiyo hoja ya kukinga. Uoshaji salama hauhitaji maji mengi, na katika jiji linalotegemea zaidi visima vya bonde la Makutupora lazima tuyaheshimu maji. Ndoo mbili zatosha: moja ya sabuni ya magari, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye sabuni. Vumbi limwagiwe maji kwanza, kuosha kuanzie juu kushuka chini, na gari likaushwe kivulini, kwa kuwa maji ya visima yenye madini yakikaukia juani huacha madoa meupe. Kisha ipakwe nta, ambayo hudumu wiki kadhaa, au kinga ya seramiki, ambayo ikipakwa vizuri hudumu zaidi ya mwaka. Tusidanganyane: seramiki haizuii jiwe wala mkwaruzo wa ufunguo. Inachofanya ni kulifanya vumbi lishike kidogo na litoke kwa urahisi, na hivyo kupunguza kusugua.

Atakayesema haya ni mapambo ya wenye nacho afikirie mwenye teksi au mwalimu aliyenunua gari kwa mkopo. Kwao gari ni mali kubwa pengine kuliko zote baada ya nyumba, na mnunuzi wa kesho ataanza kulikagua kwa macho. Kupaka gari zima rangi upya kunagharimu mara nyingi kuliko kopo la nta, na ni nadra rangi ya gereji kufikia ubora wa ile iliyookwa kiwandani.

Kwa hiyo mteja amuulize fundi maswali matatu kabla ya kazi: umepima, utaanza na pedi laini kwenye eneo dogo la majaribio, na utaikinga rangi kwa kitu gani ukimaliza? Fundi asiye na majibu asipewe gari. Kwa upande wa VETA, ambayo tayari inafundisha ukarabati wa bodi za magari na ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana mtaani, ung'arishaji unastahili kupimwa na kupewa cheti kama fani nyingine. Vijana wa Miyuji wanayo mikono ya kazi hii. Wakipata kipimo na maarifa ya matabaka, watalipwa kwa kuihifadhi rangi ya mteja mwaka hadi mwaka, na hiyo ni biashara inayodumu kuliko ya kuikwangua mpaka iishe.