Damu ya watoto wa Karagwe imeshasema. Sisi tumeambiwa nini?

Wadau, leo naomba tuweke pembeni kidogo habari za bei ya kahawa. Kuna jambo linaendelea huku kwetu Karagwe na Kyerwa ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Linahusu dawa mseto ya malaria, ile tunayoimeza wote kuanzia Kayanga mpaka Murongo.

Kwa kifupi ni hivi. Mwaka 2021 wataalamu wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) pamoja na wenzao wa nje walichukua sampuli za damu za wagonjwa wa malaria katika mikoa 13 ya Tanzania Bara. Walikuwa wanatafuta mabadiliko kwenye vinasaba vya kimelea, yale yanayokifanya kistahimili artemisinini, ambayo ndiyo nguzo ya mseto. Badiliko moja linaloitwa R561H, ambalo lilishaonekana kwa jirani zetu Rwanda kwenye sampuli za mwaka 2014 na 2015, walilikuta limejazana Kagera. Na ndani ya Kagera, ni kwetu. Sampuli 31 kati ya 136 za Karagwe zilikuwa nalo. Kyerwa ni 17 kati ya 118. Ngara ni 2 tu kati ya 144.

Mwaka 2022 wakarudi kuhakikisha kwa wagonjwa wenyewe, kwenye zahanati ya Bukangara hapa Karagwe. Watoto 176, wa miezi sita mpaka miaka kumi. Nusu walipewa mseto tuliouzoea, nusu wakapewa artesuneti na amodiakwini, dawa inayojulikana zaidi Zanzibar. Siku ya tatu, watoto 11 kati ya 88 wa kundi la kwanza na 17 kati ya 88 wa kundi la pili bado walikuwa na vimelea kwenye damu. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema ikivuka asilimia 10 ujue kuna tatizo. Makundi yote mawili yalivuka. Matokeo yakatoka mwaka 2024 kwenye majarida ya Lancet, kazi ikiongozwa na Dk. Deus Ishengoma wa NIMR na wenzake.

Hapa nisieleweke vibaya. Mseto bado unatibu, na katika utafiti huo huo zaidi ya asilimia 90 ya watoto walipona na kila moja ya dawa hizo mbili. Kinachoonekana ni kwamba vimelea vinachelewa kufa. Kwa hiyo jamani, mtu asije akasoma hapa akaacha dozi. Maliza dozi yako.

Sasa hoja yangu. Watoto 176 ni kaya nyingi. Utafiti wa namna hii unamtaka mzazi amrudishe mtoto achomwe kidole siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu ya saba, ya 14, ya 21 mpaka ya 28. Wewe unayeijua barabara ya kijijini wakati wa masika unaelewa hiyo ni kazi gani. Ni siku ngapi za shamba zimepotea, ni mara ngapi umempandisha mtoto bodaboda. Hivi hao wazazi waliwahi kurudiwa, wakakaa chini na mtu akawaambia mlichotusaidia kugundua ni hiki? Kwenye mkutano wa kijiji, si kwenye semina ya Dodoma? Mimi nauliza kwa nia njema. Aliyekuwepo kwenye mkutano wa aina hiyo, Nkwenda, Nyaishozi, popote, naomba aseme.

Sisi huku tunaijua butura. Mnunuzi anakuja kahawa ikiwa bado maua, anakupa hela kidogo kwa sababu una shida, mavuno yakifika yote ni yake na wewe hata bei yake ya mwisho huijui. Siwafananishi watafiti na wanunuzi wa butura, maana hawa hawajaja kutudhulumu na dawa wametibia bure. Lakini mpangilio unafanana kidogo. Swali linaandikwa mbali, damu inatoka hapa, majibu yanakwenda mbali, na lugha ya majibu ni Kiingereza.

Kuna watakaosema mwanakijijini ataelewa nini kuhusu vinasaba. Hoja hii inanikera kweli. Mkulima wa hapa anajua kwamba ukipiga dawa ile ile kwenye mgomba au kahawa kila msimu, wadudu wanazoea. Mweleze hivyo tu, ameshaelewa usugu. Tena watu wazima wa Kagera wameyaona haya mara mbili: klorokwini ilitolewa mwaka 2001, SP ikaja ikachoka nayo, mseto ukaingia mwaka 2006. Wanajua dawa huchoka.

Hoja nyingine ni nzito zaidi. Wapo wataalamu wanaohofia kwamba ukiwatangazia watu kuwa kuna usugu, watakimbia dawa waende kwenye mitishamba ya kubahatisha. Hofu hiyo naiheshimu. Lakini kukaa kimya nako kuna gharama. Januari 2025 WHO ilipotoa taarifa ya kuwepo wagonjwa wanaohisiwa kuwa na Marburg hapa Kagera, Wizara ilisema vipimo havijaonyesha kitu. Siku chache baadaye, tarehe 20, Rais akatangaza kuwa Marburg ipo Biharamulo. Inawezekana kabisa vipimo vya kwanza vilikuwa hivyo hivyo walivyosema. Lakini mtu wa kawaida anabaki na nini kichwani? Anabaki na wazo kwamba hawa hawatuambii. Na Afrika Mashariki yetu, pengo la habari kuhusu damu lina jina lake la zamani: mumiani. Mtafiti anayebeba chupa za damu bila kurudi na maelezo anawatengenezea wenzake watakaokuja mumiani wa bure.

Mkoa huu si mgeni kwenye utafiti. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI Tanzania walitambuliwa hapa mwaka 1983, enzi watu wanauita Juliana, kwa jina la nguo za magendo kutoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti wa Muhimbili na wa Umeå, Sweden, wakapima na kukuta Bukoba mjini asilimia 24.2 ya watu wazima wana virusi. Tumepimwa sana sisi. Miaka inakwenda, na bado nafasi yetu kwenye meza ya kupanga ni ya kutoa mkono uchomwe.

Na hapo utafiti wenyewe unapoteza. Mashine itakuambia kimelea kina badiliko gani, haitakuambia limefikaje Kyerwa. Hilo wanalijua wanaovuka mto Kagera kwenda Rwanda na Uganda kwa mitumbwi, kwa ng'ombe, kwa kahawa, kwa harusi na misiba. Nani ananunua vidonge vinne badala ya dozi kwa sababu hela ndiyo hiyo? Nani anamgawia mtoto wa pili dawa ya mtoto wa kwanza? Dawa ya ng'ambo inaingia kwa njia gani ya panya? Hakuna mtu atakayemjibu mgeni mwenye karatasi ya maswali. Atamjibu jirani yake aliyeshiriki kuyatunga hayo maswali, kwa Kinyambo, jioni, baada ya kazi.

Wenzetu Kilifi, Kenya, walishalifanyia kazi. Kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome kina wawakilishi waliochaguliwa na wananchi wenyewe, utaratibu ulioanza katikati ya miaka ya 2000. Wanakutana na watafiti, wanapeleka malalamiko na uvumi wa mtaani, wanasikia mpango wa utafiti mapema. Una kasoro zake, na mwakilishi anaweza kugeuka mpiga debe wa kituo. Lakini mlango upo. Na Oktoba 2024 Chama cha Madaktari Duniani kilipofanyia marekebisho Azimio la Helsinki, kikaandika wazi kwamba jamii ishirikishwe kabla, wakati na baada ya utafiti. Hapo kwenye "baada" ndipo mimi nimeweka kidole.

Kwa sababu kazi kubwa inakuja. Usugu ukipanda, itabidi iamuliwe Kagera ibadilishiwe dawa, au zitumike dawa mbili kwa zamu, na kila njia italazimu utafiti mwingine hapa hapa. Naomba kabla ya sampuli ya kwanza kuchukuliwa, kijiji kichague watu wake watatu au wanne, mmoja wao awe mama aliyemrudisha mtoto Bukangara zile siku zote, wakae na NIMR wapitie maswali na fomu ya ridhaa. Fomu isomwe kwa sauti kwa Kinyambo, maana bibi anayelea wajukuu Kaisho Kiswahili cha ofisini kinampita. Na matokeo yatakapotoka, kurasa mbili za Kiswahili zibandikwe mlangoni pa zahanati, zisomwe na kwenye redio zetu za Karagwe, wiki ile ile ambayo Lancet inayachapisha.