Barua ya Sultani na Macho ya Balozi



Wengi hudhani mabalozi wa zamani walipata siri za wafalme kwa kuiba nyaraka usiku. Pwani yetu haikuhitaji mwizi. Barua ilipita kwa karani, mkalimani, mjumbe na nahodha, na kila mmoja wao alikuwa mlango. Barua za Kiswahili zilizo kongwe kuliko zote tuzijuazo, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711, leo zimo Goa, India, katika nyaraka za Wareno.

Nasi tusiwacheke wazee wetu. Hapa Idodi, bibi asiyejua kusoma humpa mjukuu simu amsomee ujumbe, na siri ya nyumba nzima imo mikononi mwa mtoto.

Mwaka 1859 Sayyid Barghash alipopanga kumpindua nduguye, Sayyid Majid, katibu wake alikuwa dada yake, Bibi Salme, msichana wa miaka kama 15. Wasichana wa jumba la kifalme walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Hivyo barua za njama ziliandikwa ndani ya familia. Njama ilishindwa hata hivyo, kwani balozi wa Uingereza, Rigby, alimsaidia Majid kwa mabaharia na mizinga, na Barghash akahamishiwa Bombay.

Barghash alipokuja kutawala, mwaka 1870, mambo yalibadilika. Mshauri wake mkubwa akawa Sir John Kirk, balozi wa Uingereza. Mwaka 1879 kampuni ya Kiingereza, Eastern Telegraph, ikafikisha Unguja waya wa telegramu uliopita chini ya bahari kutoka Aden. Kwa hiyo Aprili 1885, Sultani alipompelekea Kaisari wa Ujerumani malalamiko makali juu ya nchi alizojitwalia Carl Peters, ikiwamo Usagara, jirani zetu, maneno yake yalisafiri katika waya wa Waingereza. Balozi gani angehangaika kuvunja lakiri?

Agosti mwaka ule manowari za Kijerumani zilitia nanga mbele ya jumba lake. London ilikwisha kumwagiza Kirk asiwazuie Wajerumani, na ni Kirk huyo huyo aliyemshauri Sultani akubali.