Butembo na Beni: kuna wimbo wa kucheza na kuna wimbo wa kupunguza sauti

Uliza kijana wa Butembo ni wimbo gani mpya unamfurahisha. Atakutajia kwanza wa Dar es Salaam, kisha wa Kinshasa. Wa mtu wa hapa kwetu atautaja mwisho, tena baada ya kuangalia nani amesimama karibu. Mpangilio huo hautokani na ladha peke yake.

Nyimbo za Tanzania zina bahati moja kubwa kwetu: tunazielewa neno kwa neno. Za Lingala wengi tunazicheza vizuri kuliko tunavyozifahamu. Na kwa kuwa mega ni ghali, mtu mmoja akipakua wimbo, mtaa mzima unaupata kwa bluetooth au kwa kadi memori, na mchana wake unaimba kwenye pikipiki, kwenye saluni na kwenye vibanda vya kuchaji simu. Wafanyabiashara wanaopitia Kasindi wanaleta pia za Uganda, lakini hizo hazikai muda mrefu.

Kwa maoni yangu, wimbo wa kucheza ambao haujapata mpinzani kwetu ni Yope ya Innoss'B, ile remix ya 2019 aliyoifanya na Diamond Platnumz. Innoss'B ni mtoto wa Goma, na klipu hiyo ilipita watazamaji milioni 100 kwenye YouTube. Nguvu yake ni kwamba haikuchagua upande: Mkinshasa aliona ni yake, Mtanzania akaona ni yake, na sisi wa Kivu tulio katikati tukasema ni yetu. Waah! ya Diamond na Koffi Olomidé, iliyotoka mwezi wa 11 mwaka 2020, inafuata kwa karibu. Pale Tanzania ilikubali hadharani deni lake kwa gitaa la Kongo. Komasava, hata ile remix ya 2024 pamoja na Jason Derulo, mimi imenichosha mapema. Salamu haitoshi kuwa wimbo, na zile ngoma za amapiano zimefanya single tatu kati ya nne zifanane. Watoto wa shule hawakubaliani nami, na sherehe ni zao.

Rock? Haipo, au karibu haipo. Gitaa la umeme kwetu linafundishwa kanisani, na anayelimudu anaenda kwenye sebene.

Sasa tuje kwa zile nyimbo za kupunguza sauti. Tangu mwezi wa 10 mwaka 2014, mauaji ya raia yanayohesabiwa juu ya waasi wa ADF yamezaa Beni aina ya wimbo ambao hauchezwi. Ni maneno zaidi kuliko muziki: nani alikufa, askari walikuwa wapi, MONUSCO inafanya nini, wakubwa wanakula nini. Delphin Katembo Vinywasiki, aliyejulikana kama Idengo, ndiye aliyeifanya ipendwe zaidi. Kimuziki hakuwa na mengi: mdundo mmoja, na sauti iliyo karibu na hotuba. Maneno yake mengine yalikuwa makali kiasi kwamba mimi nisingeyaandika. Lakini mama anayeuza ndizi alimwelewa kuliko alivyoelewa tangazo lolote la serikali.

Tarehe 6 mwezi wa 5 mwaka 2021 hali ya dharura ya kijeshi, état de siège, ilianza Kivu Kaskazini na Ituri, na raia wakaanza kuhukumiwa na mahakama za kijeshi. Mwaka huohuo mwanamuziki Muyisa Nzanzu Makasi alipewa miaka miwili gerezani kwa sababu ya wimbo wake Mon 45. Idengo alipewa miaka 10.

Linganisha na Kinshasa. Mwezi wa 11 mwaka 2021, tume ya taifa ya kuchunguza nyimbo, iliyoundwa kwa amri ya 1996, ilipiga marufuku nyimbo kadhaa, pamoja na Nini tosali te ya kundi la MPR, inayouliza ni nini wananchi hawajakifanya ili nchi ibadilike. Watu walipiga kelele, na marufuku juu ya wimbo huo ikaondolewa upesi sana. Wimbo ukapata wasikilizaji wengi kuliko mwanzo, na wanamuziki wake wakalala nyumbani. Mwezi uliofuata, UNESCO iliingiza rumba ya Kongo katika urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, na viongozi wetu wakaisifu kama sauti ya taifa.

Ukilalamika Kinshasa, shauri lako linafika kwenye tume ya nyimbo. Ukilalamika Beni, linafika mbele ya hakimu mwenye magwanda. Sheria ni ya nchi moja, na malalamiko yanakaribiana, isipokuwa ya Beni yana makaburi ndani yake.

Idengo alikuwa katika gereza la Munzenze, Goma, mji ulipoanguka mikononi mwa M23 mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025. Alitoka pamoja na wafungwa wengine walipotoroka. Hakunyamaza, aliimba dhidi ya wenye mji wapya. Tarehe 13 mwezi wa pili alipigwa risasi na kufa hukohuko Goma.

Ndiyo maana huwa sikubali haraka lawama ninayoisikia sana kwa wapenzi wa muziki, kwamba vijana wanaorekodi leo Butembo na Beni wanaiga Bongo Flava na kuimba mapenzi tu. Wanaiga, ni kweli, na wengi wanaiga vibaya. Lakini kijana wa miaka 20 anayeingia studio anajua hesabu: wimbo wa mapenzi unaweza kumpeleka kwenye harusi, kwenye redio, labda mpaka Kampala. Ule mwingine ameshaona ulipowapeleka wakubwa wake. Nyimbo za Mungu nazo zimeongezeka, na baadhi yake, ukisikiliza vizuri, zinasema yaleyale kwa kumwelekea Mungu badala ya gavana.

Wiki hii nilipanda teksi ya Butembo kwenda Beni. Dereva alikuwa na Idengo kwenye kadi yake, na abiria wote walikuwa kimya wakisikiliza. Kizuizi kilipoonekana mbele, alibonyeza kitufe mara moja bila kuangalia. Ikaja Komasava.