Toyota si dini: pikapu inunuliwe kwa hoja

Kwa wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki, swali la pikapu lina jibu kabla halijaulizwa: Toyota. Jibu hilo tulilibeba kutoka nyumbani, tukatua nalo hapa Washington na vitongoji vyake vya Maryland na Virginia. Mwenzetu anayeanzisha biashara ya kuhamisha watu au kukata majani akituomba ushauri, tunamjibu vile vile. Wakati umefika tufikiri kwanza, maana fedha anayoweka ni jasho la miaka.

Hilux tunayoiapia haiuzwi hapa. Tangu 1964, baada ya ugomvi wa biashara ya kuku na Ulaya, Marekani inatoza ushuru wa asilimia 25 kwa pikapu zinazotoka nje. Mwaka 1995 Toyota iliachana na pikapu ya ukoo wa Hilux katika soko hili, ikaleta Tacoma. Kwa hiyo sifa za gari lililovuka matope ya Rukwa tunazibandika kwenye gari jingine, wanalochangia jina la baba tu.

Na jina lenyewe limepata doa. Chesisi za Tacoma na Tundra zililiwa na kutu, hasa kwenye majimbo yanayomwaga chumvi barabarani wakati wa theluji, hadi mwaka 2016 Toyota ikakubali suluhu ya kesi iliyokadiriwa kufikia dola bilioni 3.4. Januari 2024 ilisimamisha kwa muda kusafirisha baadhi ya magari ya dizeli, Hilux ikiwemo, baada ya kugundulika kasoro katika upimaji wa nguvu za injini. Mwaka huo huo iliita Tundra na Lexus zipatazo 100,000, kwa kuwa vipande vya chuma vilivyobaki kiwandani vingeweza kuzima injini safarini.

Hatusemi tukimbilie kwa wengine kwa upofu ule ule. Aprili 2025 General Motors nayo iliita magari karibu 600,000, Silverado zikiwemo, kwa ubovu wa injini.

Watatokea wa kutuambia kwamba Toyota haijawahi kuwaangusha. Ni kweli, na nyumbani mapenzi hayo yana akili: spea zipo Kariakoo na kila fundi anaijua. Lakini wazee wetu nao waliapa kwa Peugeot, iliyoshinda Safari Rally mara nne miaka ya 1960, kisha wakahamia Datsun, kisha Toyota. Hawakuwa wasaliti. Walitazama gari lipi linafika.

Sisi tunaoandika siasa tunaujua ugonjwa huu. Chama kinachojua kwamba kura yako ni yake daima hakina haja ya kukuchimbia kisima. Kampuni nayo ni hivyo hivyo.

Basi ndugu yetu, kabla ya kutia saini, ingiza namba ya chesisi kwenye tovuti ya mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, ni bure. Kama ni iliyotumika, mlipe fundi aingie chini aigonge chesisi. Uliza bei ya bima, na kama unaishi Virginia, kumbuka kodi ya mali ya kila mwaka. Baada ya hapo, ukichagua Toyota, tutakupongeza. Utakuwa umechagua, hukurithi.