Taka za Arusha zinaanzia jikoni, si Muriet

Ipo imani iliyoota mizizi miongoni mwa wafanyakazi wa Jiji la Arusha, kwamba mtu akilipa ada ya taka amekwisha kutimiza wajibu wake. Mfuko hutolewa nje ya lango, gari hupita, mfuko hauonekani tena, na mwenye nyumba hujihesabu kuwa ni mtu safi. Imani hiyo ni potofu na haina budi kupingwa, hasa kwa kuwa wanaoishikilia si watu waliokosa elimu. Ni watumishi wa umma na walimu, watu ambao Taifa limewasomesha kwa jasho la wakulima.

Ukweli ni kwamba mfuko ule haupotei. Ukibahatika kuzolewa hupelekwa kwenye dampo la Muriet, pembezoni mwa Jiji. Huko maganda na mabaki ya chakula, yakifukiwa mahali pasipopita hewa, huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo ni miongoni mwa gesi zinazoongeza joto la dunia. Mfuko usiozolewa huishia mitaroni, na mvua za masika zikija huusukuma hadi mtoni. Themi na Naura ni mito inayoshuka kutoka Mlima Meru ikiwa safi. Themi hupita katikati ya mji na kuendelea hadi Kikuletwa, na maji ya Kikuletwa huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha hufuata Mto Pangani hadi baharini. Kwa hiyo anayetupa taka Sanawari anamtupia mkulima wa bondeni ambaye hajapata kumwona wala kumkosea.

Wako watakaojibu kwamba usafi unafanyika. Ni kweli. Tarehe 9 Desemba 2015 sherehe za Uhuru zilisitishwa na wananchi nchi nzima wakatakiwa kushika mafagio, na baadaye Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikawekwa kuwa siku ya usafi. Hilo ni jambo jema. Lakini yafaa ieleweke wazi kwamba ufagio huhamisha taka, hauzipunguzi. Familia inayozalisha uchafu siku 29 na kufagia siku ya 30 haijapiga vita uchafu, imefanya nao mkataba.

Sehemu kubwa ya taka za majumbani katika miji ya Tanzania ni mabaki ya vyakula na mimea: maganda ya ndizi na viazi, majani ya mboga, wali uliopikwa kupita kiasi. Vitu hivyo havikustahili kuitwa taka hata kidogo. Kwenye miteremko ya Meru, kwa Wameru na Waarusha, ganda la ndizi huliwa na ng'ombe aliyefungwa zizini, samadi ya ng'ombe hurudishwa kwenye mgomba, na mgomba huzaa ndizi ya kupikia loshoro. Mkulima huyo hakuhitaji semina wala posho ya kikao ili ajue hesabu hiyo.

Sasa itazamwe hesabu ya msomi wa mjini. Hununua mkungu wa ndizi katika soko la Kilombero. Hulipa tena ili maganda yake yachukuliwe. Kisha hununua mchicha ambao mara nyingi umekuzwa kwa mbolea ya viwandani iliyoagizwa nje kwa fedha za kigeni, ilhali mbolea yake mwenyewe imekwenda kuoza Muriet. Halafu mwisho wa mwezi hulalamika kwamba mshahara hautoshi!

Kuna na kasumba ya kiporo. Katika baadhi ya nyumba za watu waliosoma, kula kiporo asubuhi kumefanywa kuwa dalili ya umaskini, na sufuria hujazwa kwa ajili ya wageni wasiokuwapo. Chakula kizuri hutupwa ili heshima ilindwe. Heshima gani inayolindwa kwa kumwaga ugali?

Visingizio havikosekani. Mmoja husema hana nafasi. Lakini gunia kuukuu au ndoo iliyotobolewa chini hutosha kuozeshea maganda yakichanganywa na majani makavu na udongo kidogo, na kugeuzwa mara kwa mara; baada ya miezi michache huwa mboji. Asiyetaka hata hilo, jirani mwenye ng'ombe au mbuzi hatakataa maganda. Mwingine husema hana muda, naye ana muda wa kukaa barazani hadi usiku. Wa tatu huiachia kazi hiyo mama, au msichana wa kazi, kana kwamba baba hali wala hachafui. Nyumba ambayo baba hajui ndoo ya taka ilipo haiwezi kupunguza taka.

Hapana anayesema Halmashauri ipumzike. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazitaka mamlaka za Serikali za Mitaa kusimamia taka ngumu na kuzipunguza. Gari linalochanganya tena kile ambacho wananchi wamekitenganisha huwavunja moyo, na kiwanda kinachouza chupa kisijue mwisho wake nacho kibanwe. Lakini ganda la ndizi halina haja ya kungoja gari wala kiwanda.

Kwamba mazoea yanaweza kubadilika, ushahidi upo. Tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini. Waliotabiri kwamba biashara itakufa waliaibika. Vikapu vilirudi sokoni na watu wakaendelea kununua. Wapo, hata hivyo, waliogeuza vifungashio vyepesi kuwa mifuko, na hilo linathibitisha kwamba sheria isiyopata mlinzi nyumbani hukwepwa kupitia dirishani.

Mlinzi huyo ni nani, kama si mwalimu na mtumishi wa umma? Mwalimu anayefundisha usafi darasani, na nyuma ya nyumba yake anachoma plastiki na kuwavutisha watoto wa jirani moshi wake, anafundisha masomo mawili, na watoto hulishika lile la pili. Jina la Arusha limefungamana na Azimio la mwaka 1967 na wito wake wa kujitegemea. Kujitegemea hakukukusudiwa kuishia majukwaani. Familia isiyoweza kujitegemea katika kushughulikia maganda yake yenyewe haina haki ya kulihubiri Taifa lijitegemee katika mambo makubwa.